Nani Kashika Mlango

Mwalimu wangu wa Baiolojia alikuwa na ugomvi na neno "bora". Ukiliandika kwenye daftari alilizungushia duara jekundu, tena kwa nguvu, mpaka wino ukatokea ukurasa wa nyuma, na pembeni akaandika: "Nani amekuuliza?" Mimi yalinikuta kidato cha tatu, hapo Njombe mjini. Niliandika, kwa Kiingereza changu cha kuokoteza, kwamba mfumo wazi ni bora kuliko mfumo uliofungwa kwa sababu unapokea na kutoa. Sentensi nzuri kabisa! Mpaka leo naiona nzuri. Nikapewa sifuri.

Nikamfuata ofisini nikiwa nimevimba. Nilikuwa mbishi tangu mdogo, na wanaokula kwangu Makambako watakuambia sijabadilika.

"Mwalimu, kitabu kimesema hivyohivyo."

"Kimesema nini?"

"Kwamba mfumo wazi unakua na kuishi. Ule uliofungwa unachakaa na kufa."

Akainama, akatoa chupa ya chai chini ya meza, ile nyekundu yenye maua, akaitua mbele yangu. "Hii iko wazi au imefungwa?"

"Imefungwa."

"Ni mbaya?"

Nikaitazama chupa. Ilikuwa asubuhi ya Juni, na anayeijua Njombe ya Juni anajua chai ya moto inavyotazamwa. Akanimiminia kikombe, akaniambia nikimaliza nikishukuru kifuniko. Sifuri yangu hakuifuta.

Huo ndio ulikuwa mgogoro wake mkubwa na dunia. Kwake, "wazi" na "imefungwa" yalikuwa maneno ya kueleza mlango basi, sawa na kusema sufuria ina mfuniko au haina. Lakini watu, alisema, na waandishi wa vitabu wakiwemo, wakishatamka "wazi" wameanza kusifia, na wakitamka "imefungwa" wameanza kulaumu, na hawajui kabisa kwamba wametoa hukumu. Wanadhani wameeleza tu. "Wamepitisha mahubiri ndani ya mfuko wa sayansi," alisema. Na yeye mwenyewe alikuwa mtu wa kanisani, mzee wa usharika, hakuwa na neno na mahubiri. Alitaka yahubiriwe Jumapili. Darasani, badala ya uzuri na ubaya, alitupa maswali matatu, tukayaimba mpaka tukayaota: Nini kinaingia? Nini kinatoka? Nani kashika mlango?

Siku moja aliingia darasani, hakusema kitu, akaenda kufungua madirisha yote. Ukungu ule wa asubuhi ukaingia mpaka kwenye madawati. Waliokaa dirishani wakaanza kulia kama ndama.

"Darasa sasa liko wazi," akasema. "Mmependa?"

"Hapanaaa, Mwalimu!"

"Nani amewauliza kupenda?" Hapo tukajua tumeshaingia mtegoni. "Nimeuliza nini kimeingia."

"Baridi!"

"Na nini kimetoka?"

Mmoja akasema joto, mwingine akasema akili zetu. Alicheka, akafunga madirisha, akaandika ubaoni. Ila hakuyafunga mpaka alipopata majibu yote, na mimi vidole vilikuwa vimeshakufa ganzi. Tulimlaani kimoyomoyo. Lakini niulize leo, nikiwa nageuza nyama jikoni, mfumo wazi ni nini. Nitakujibu bila kuinua macho.

Kitu kingine cha mlango. Shuleni Kiswahili kilikatazwa darasani. Kuanzia salamu mpaka kuomba ruhusa ya chooni, Kiingereza, na makamu mkuu alikuwa anapita kwenye varanda akisikiliza. Mwalimu alifundisha Kiingereza chake kizuri kilichonyooka, akatutazama tulivyokodoa macho, kisha akaenda kufunga mlango taratibu, akarudi, akatueleza upya kwa Kiswahili. Akikwama hata huko anachomekea Kibena, na wale wa Makete waliotoka upande wa Tandala wanatafsiriana kwa Kikinga nyuma. Darasa zima linaamka. Nilimuuliza miaka mingi baadaye kama haikuwa ajabu kwamba ili tufunguke ilibidi mlango ufungwe. Akanitazama kwa furaha, nadhani ndiyo siku pekee aliyonitazama hivyo. "Ungeandika hilo kwenye mtihani," akasema, "ungepata."

Alivaa sweta la kijani ambalo mkewe alimfumia, na lilipotoboka kiwiko mkewe akalifuma upya kwa uzi wa bluu, kwa hiyo mkono mmoja ulikuwa wa rangi mbili. Hakuona haya. Alitembea mikono nyuma, kifua mbele, kama mtu anayekagua shamba la mwenzake. Alikunywa chai bila sukari, akala viazi na maganda yake, na alikuwa mmbea. Ndiyo, nasema. Watu wanaomsifia wanaliacha hilo, mimi siliachi. Alitaka kujua nani kaoa, nani kaachwa, nani kajenga Mjimwema na kwa pesa zipi. Habari ziliingia kwake kama maji ya mfereji. Lakini hazikutoka! Ulimwambia jambo lako, likafia pale. Mkewe alisema anaishi na sanduku.

Alistaafu akahamia kijijini kwake Yakobi, akaanza kufuga nguruwe, na akawa katibu wa kikundi cha wafugaji. Huko nako hakuacha yake. Alinisimulia kwamba kuna mtaalamu alikuja kuwafanyia semina, kijana mtanashati mwenye viatu vya kuchongoka, akawaambia tatizo lao wamejifungia mno, wanapandisha kwa madume yaleyale ya kijijini, wawe wazi, walete mbegu za nje. Watu wakapiga makofi. Mwaka uliofuata akaja mwingine, akasema tatizo lao wamejiachia wazi mno, kila mbegu inaingia, wafunge, walinde ya kwao. Watu walewale, makofi yaleyale. Mwalimu alisimama mara zote mbili akauliza kitu kilekile: wazi kwa nani, na nani atashika mlango? Wa kwanza alimjibu kwa hasira kidogo. Wa pili alimwomba aketi, muda umekwisha. Aliyasimulia hayo huku anapiga goti lake kwa kicheko, na mimi nilicheka naye, kwa sababu nilikuwa bado sijajua kwamba na yeye ana mfuko wake wa mahubiri.

Mfuko wenyewe ulikuwa Makambako.

Mimi naishi Makambako. Nina jiko la kitimoto, nyama ya nguruwe, si mbali na stendi. Barabara ya Mbeya ni hapo, ya Iringa ni hapo, ya Njombe na Songea inapandia hapo, reli nayo inapita na watu wake. Usiku na mchana kuna mtu anashuka na mtu anapanda. Naupenda mji wangu, usinitanie. Mteja anakuja hajui mtu, anakula, anacheka na watu, anaondoka, na kesho kiti kile kina mwingine. Kama kuna mfumo wazi chini ya jua hili, basi ni pale.

Mwalimu alipapita kwa lazima tu. Akija kubadilisha gari alisimama na begi amelikumbatia kifuani, hakulitua chini hata kwa dakika. Nilimfuata mara nyingi. "Shikamoo, Mwalimu. Njoo basi ule, gari bado." "Marahaba. Nimeshiba." Mtu ametoka Njombe alfajiri, ameshiba nini? Nilikuwa nikimtania kwamba anaogopa mji wangu. Naye alikuwa akinijibu kwamba haogopi, ila Makambako ni mji wa kupita. Alisema hivyo kwa sauti ileile ya darasani, ya mtu anayeeleza tu. Nikamwacha, kwa heshima.

Sasa nikupeleke kwa Fundi, maana bila Fundi huyu Mwalimu hajakamilika.

Fundi alikuwa jirani yake wa ua hadi ua pale Yakobi, seremala, mkubwa kwake kwa umri kidogo, mfupi, mkali, mwenye sauti nzito ya besi kwenye kwaya ya wazee. Kati ya miji yao kulikuwa na ua wa miti, na katikati ya ua upenyo, na kwenye upenyo njia iliyokanyagwa mpaka majani yakakataa kuota. Hawakuwa na habari ya geti. Fundi alipita hapo asubuhi kuja kunywa chai isiyo na sukari na kuitukana. Mwalimu alipita hapo jioni kwenda kuona samani gani imeharibika leo. Dume la Fundi nalo lilipita hapo kwenda kwa majike ya Mwalimu, na majike yakizaa, mtoto mmoja anarudi kwa Fundi kupitia upenyo uleule. Ndivyo kijiji kizima kilivyofanya, dume la huyu kwa jike la yule, bila makaratasi. Fundi alipochana magogo alimpa Mwalimu mabanzi, zile mbao za pembeni zenye magome, ajengee banda. Mwalimu alijenga, na mengine akayapanga nyuma ya nyumba.

Niliwahi kuwakuta wamekaa barazani wamenuna wote wawili. Nikauliza kuna nini. Fundi akasema, "Tunapumzika. Ameniudhi." Mwalimu akasema, "Bado hajamaliza kuudhika, kaa tu usubiri." Nikakaa. Baada ya muda Fundi akasema haya, akaomba chai.

Kisha ikaja homa ya nguruwe.

Asiyefuga anaweza kuiona homa hii kitu kidogo. Haina chanjo wala dawa. Nguruwe anaamka hataki kula, masikio yanageuka rangi, na siku mbili tatu zijazo unachimba shimo. Na inatembea. Inatembea na nguruwe mwenyewe, na nyama yake, na makombo, na tope lililoganda kwenye soli ya kiatu cha mtu asiye na habari. Serikali ikapiga karantini, hakuna nguruwe kupanda gari. Mimi jiko langu likalala, nikageukia kuku, na wateja wakanuna.

Mwalimu alifunga. Alifunga kabla hata ya tangazo. Alinunua geti, akaliwekea komeo. Mlangoni akaweka beseni la dawa na gambuti zimepangwa kwa ukubwa, kubwa, za kati na ndogo. Anayetaka kuingia avue viatu vyake barabarani, avae gambuti, akanyage dawa, aingie. Dume la mtu lisikanyage pale. Nilipokwenda kumsalimia, mimi, niliyekula ugali wake tangu nina sare ya shule, aliniacha nimesimama barabarani.

"Hata gambuti hunipi?"

"Wewe hasa sikupi. Unatoka kwenye nyama."

"Nauza kuku sasa!"

"Kisu ni kilekile?"

Tukazungumza geti katikati, napiga kelele kama mnadi samaki, na mkewe anacheka kule ndani. Nilikasirika, nikaondoka, na njiani kwenye basi la Kosta nikawaza: haya, nini kinaingia, nini kinatoka? Nikaona ana haki. Hasira ikabaki kidogo, lakini ilikuwa ya kawaida.

Watu wa Yakobi hawakuona hivyo. Kwetu mtu anafika kwa mtu, anapiga hodi, anaingia. Kuambiwa vua viatu barabarani ni kuambiwa wewe ni mchafu. Wakasema Mwalimu ni mchoyo. Wakasema elimu imempanda kichwani. Kuna waliosema nguruwe hawafi kwake kwa sababu anajua wanakoenda wale wanaokufa kwa wenzake, na ukishasikia maneno ya uchawi namna hiyo ujue mambo si mazuri. Yeye hakuyumba. Alimwambia mkewe wakibaki na majike safi, homa ikipita, kikundi kizima kitaanzia hapo. Hakuwa anajiwekea mwenyewe. Hilo nalijua na nitaliapia.

Nilichokuwa sikijui ni kilichotokea kwa Fundi. Niliona tu kwamba upenyo umezibwa. Umezibwa kwa mabanzi, yaleyale ya Fundi, yamepigiliwa misumari kwa ustadi wa mtu asiye seremala. Nikauliza, Mwalimu akasema, "Homa." Nikauliza Fundi hajambo, akasema, "Hajambo, nasikia." Nasikia! Mtu ambaye kikohozi chake kinasikika mpaka chumbani kwako.

Homa ikapita. Iliwamaliza karibu wote pale, dume la Fundi na nguruwe wake wengine wakiwemo, na kwa Mwalimu haikuingia. Karantini ilipoondolewa akaita kikundi, akaanza kugawa watoto wa kike, nyumba hadi nyumba, bure, kwa sharti tu kwamba wa kwanza kuzaliwa naye apewe mwingine. Na hapo ndipo nilipomwona kwa ubora wake, nikisema "bora" achore duara akitaka. Watu walewale waliomwita mchoyo walisimama kwenye mkutano wakasema kufunga ni akili, kufunga ni hekima, kijiji kizima kifunge kuanzia sasa. Mwalimu akawakatiza. "Mwezi ule kufunga kulikuwa uchoyo," akasema. "Leo kufunga ni hekima. Geti ni lilelile. Hebu niacheni na geti langu, mniambie nani analishika usiku." Wakacheka, wakamsamehe, wakachukua nguruwe.

Fundi peke yake hakuja. Mwalimu akampelekea jike zuri kuliko wote, ndani ya gunia. Gunia likarudi na nguruwe ndani yake, na aliyelileta akarudia maneno ya Fundi kama yalivyo: "Mwambieni nguruwe wake ni wa watu waliovua viatu."

Mke wa Mwalimu ndiye aliyenipigia simu. Hakusema mengi. Alisema, "Mwanangu, njoo umwone Mwalimu wako. Hali chakula." Nikajua si ugonjwa wa hospitali.

Nikapanda siku ya pili. Juni tena, ukungu umelala kwenye mabonde na nyasi nyeupe kwa barafu mpaka jua lilipopanda. Gambuti zilikuwa bado zimepangwa getini, nikavaa za kati, nikakanyaga dawa, nikaingia. Nilimkuta ameketi na sweta lake la rangi mbili, chupa ya chai mezani, vikombe viwili. Kimoja kimefunikwa. Alikonda. Nilisema shikamoo, akaitikia, akaanza moja kwa moja kunieleza watoto wa nguruwe wanavyokua, nani kapewa, nani bado. Nikamsikiliza mpaka akamaliza yote.

"Na Fundi?"

"Fundi ameamua." Akanyoosha mgongo, nikajua somo linakuja. "Mimi nilifanya lililopaswa. Nguruwe wake walikuwa wameanza kufa. Akaja kwenye upenyo asubuhi, kama kawaida, na tope la bandani miguuni. Nikamwambia azunguke getini avae gambuti. Akasema hawezi kuvuliwa viatu kwenye mji wangu kama mwizi. Nikaziba. Nini kilikuwa kinaingia? Homa. Nani kashika mlango? Mimi. Sasa kosa liko wapi?"

"Halipo," nikasema. "Kufunga hukukosea."

Akashangaa kidogo kupata ushindi kwa haraka namna ile. Mkewe akaja na mwiko mkononi, akasimama mlangoni mwa jiko.

"Mwambie ulichomwambia Fundi," akasema.

"Nilimwambia mambo ya afya."

"Mwambie neno."

Akageuza kikombe. Akakigeuza tena. Kisha akasema, akitazama chini, kwa ile sauti ya mtu anayeeleza tu: "Nilimwambia kwake kuko wazi kama stendi ya Makambako."

Jamani. Mimi ni mtu mzima, na nilikuwa mbele ya mwalimu wangu, lakini nilisimama. "Stendi ya Makambako imekukosea nini? Mimi naishi pale! Nimekuzungusha miaka yote uje ule, unalikumbatia begi lako kama tutalila begi!"

"Ilikuwa mfano."

"Mfano wa nini? Wa kinachoingia na kinachotoka, au wa uchafu?"

Akainua kidole, kama darasani.

"Kwa sababu mimi ulinichorea duara, Mwalimu. Nikiwa mtoto. Ukaniuliza nani amekuuliza. Sasa na wewe nakuuliza. Fundi alikuja na tope, ungemwambia una tope. Nani alikuuliza kama kwake ni kuzuri au kubaya?"

Mkewe alirudi jikoni taratibu. Nikaketi, maana nilikuwa nimeshasema na hayarudi. Mwalimu alikaza kifuniko cha chupa ya chai. Nilidhani atanifukuza. Nilitazama mkono wake wa bluu na wa kijani, nikamwonea huruma hadi nikataka kulia, lakini sikuomba radhi. Sikuwa na la kuombea.

Hatimaye akasema, "Maisha yangu yote nimewasahihisha watu neno hilo." Akainuka. "Fundi yupo kwake?"

"Nasikia," nikamjibu, na kwa mara ya kwanza siku ile akatabasamu.

Nikamuuliza tumchukue yule jike kwenye gunia. Akasema hapana, si nguruwe aliyemtukana Fundi. Nikadhani tutang'oa mabanzi tupite kwenye upenyo, ni hatua chache tu. Akasema hapana tena. Upenyo ni wa watu wanaosemeshana. Tukatoka getini, tukazunguka njia kuu kama wageni, yeye mikono nyuma, mimi nyuma yake, mpaka mlango wa mbele wa Fundi, ambao nadhani Mwalimu hakuwahi kuutumia. Ndani randa ilikuwa inapita juu ya mbao.

"Hodi," Mwalimu akasema.

Randa ikasimama.

"Hodi hapa."

"Nani?"

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Jirani yako."

"Wa upande upi? Maana upande mmoja kuna mabanzi."

Mwalimu aliinama, na kuinama kwake si kazi rahisi siku hizi, akashika ukuta, akafungua kamba za viatu. Akavua kimoja, akavua cha pili, akanikabidhi. Fundi akafungua mlango kidogo, akachungulia, vumbi la mbao limejaa kwenye nyusi.

"Unafanya nini?"

"Navua viatu."

"Nani amekuambia uvue?"

"Hakuna."

Fundi akamtazama miguuni. "Na soksi?"

Mwalimu akavua soksi, moja baada ya nyingine, akazitia ndani ya viatu nilivyoshika. Akasimama miguu mitupu kwenye udongo ule wa Juni, vidole vinajikunja vyenyewe. Hakulalamika. Nilitaka kumwambia Fundi inatosha, lakini haikuwa yangu.

"Kufunga nilifunga," Mwalimu akasema. "Na homa ikirudi nitafunga tena, sitakudanganya. Lakini lile neno halikuwa la homa. Lilikuwa langu mwenyewe, nilikuwa nalo siku nyingi. Nisamehe."

Fundi alifikiri. Yeye akifikiri taya zake hutembea.

"Utafunga tena?"

"Nitafunga."

"Kwa mabanzi yangu?"

"Sina mengine."

"Ulivyopigilia misumari ile! Kila asubuhi naitazama naona aibu kwa niaba yako." Akakohoa, au alicheka, sikuweza kujua. Akafungua mlango wote, akamsalimu kwa Kibena. "Kamwene, Mwalimu. Ingia."

Mwalimu akaingia na nyayo zake zenye matope juu ya sakafu iliyofagiwa. Nikainua mguu nimfuate.

"Na huo mlango ufunge," Fundi akasema kule ndani, "baridi inaingia."

Mwalimu akaufunga. Nikabaki barazani na viatu vyake mkononi, soksi zimo ndani, bado zina joto. Sikupiga hodi.